Sumaku Tuliyokuzika Nayo

Arua, mwanzo wa mvua, 1978

Ndugu yangu Wani,

Nimekasirika nawe, na kwa kuwa safari hii huwezi kunikatiza, utanisikiliza mpaka mwisho.

Ungengoja siku moja tu. Miaka miwili ulinisumbua na swali lile lile, mimi mwenye mvi kichwa kizima, niliyefundisha fizikia Kongo kabla vita havijanitupa upande huu wa mpaka. Kila ulipokuja Arua kutafuta springi za lori za kufulia majembe, ulipita kwenye baraza langu la kutengenezea redio chini ya kilima, ukakalia sanduku la redio mbovu, na kabla hata hujanisalimu vizuri ukauliza: "Mwalimu, jibu iko?" Halikuwapo. Nililitafuta mpaka macho yakauma. Siku nilipolipata nililiandika kwenye karatasi, nikaikunja mfukoni, na kesho yake nikapanda lori la Koboko. Nilishuka kijijini kwenu Abuku nikicheka peke yangu. Kibandani kwako moto ulikuwa umezimwa na wanawake wamekaa chini. Ulikuwa umekufa jana yake jioni. Kifua, wakaniambia. Nilisimama pale mkono mfukoni, nimeishika karatasi, sijui nimpe nani.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Kosa moja ni langu, nitalisema kwanza. Jingine ni lako.

Kwa desturi ya ukoo wenu mhunzi haendi mikono mitupu. Nyundo na fuawe, chuma kile cha kufulia juu yake, hubaki kwa mrithi, lakini kitu kimoja alichokishika kila siku hushuka naye. Kaka yako Lado alisimama ukingoni mwa kaburi akauliza kitu hicho ni kipi. Watu wakatazamana. Na mimi, ambaye ulinicheka miaka yote kwamba mdomo wangu hutangulia kichwa, nikalia na kusema: "Sumaku."

Wote wakaitikia. Nani hakuijua sumaku ile? Binti yako Keji akaingia kibandani, akaifungua kwenye waya wake, akaja akakuwekea kiganjani. Alinitazama mara moja tu, na sikuelewa kwa nini alinitazama vile mpaka majembe yalipoanza kupasuka.

Unakumbuka ulivyoipata? Mwaka 1971 uliniletea redio yenye spika iliyochanika. Nikaweka spika nyingine, ukaichukua ile ya zamani, ukaigeuzageuza, ukasema: "Nipe hii moyo yake." Nikakutolea sumaku. Halafu, kwa kujigamba tu, nikakueleza kwamba chuma cha pua kikipashwa sana hufika mahali sumaku haikivuti tena, na kwamba pale pale, au kidogo tu baada ya pale, ndipo kimekuwa tayari kuzimwa kwenye oili ili kikaze. Kikizimwa mapema kinabaki laini. Kikizimwa kimezidi moto kinapasuka. Ukacheka sana. "Mwalimu, chuma nyekundu mimi najua tangu tumbo ya mama. Wewe utafundisha samaki kuogelea?"

Ukaenda zako. Baada ya mwezi ukarudi umebeba kisu kilichofungwa kwenye jani la mgomba, ukakiweka mbele yangu kama mtu anayelipa faini. Ndipo ukaniambia umeitundika sumaku kwa waya kwenye boriti ya kibanda. Ukiisogezea jembe la moto na sumaku ikalifuata, bado. Ikitulia, tayari.

Nilifurahi mno, mpumbavu mimi. Nilidhani umeipenda sayansi. Hukuniambia kuwa macho yako yalikuwa yamekwisha.

Hilo ndilo kosa lako, na sijui kama nitakusamehe leo. Moto wa miaka yote ulikutia ukungu machoni, ukashindwa kutofautisha wekundu wa tunda la kahawa na umanjano wa embe, na badala ya kumwambia hata mtu mmoja ukaitumia sumaku yangu kama kipofu anavyotumia fimbo. Kisha Keji akarudi nyumbani na watoto wake wawili, baada ya mume wake kwenda kambi ya jeshi na kutoonekana tena, akaomba umfundishe kazi. Ukamfundisha mivukuto ya kupulizia moto, ukamfundisha nyundo, ukamfundisha kunoa. Rangi hukumfundisha, kwa sababu hukuziona! Nilimuuliza mwenyewe. Akanijibu: "Baba hakusema rangi hata siku moja. Alisema, ngoja hii kitu itulie." Kwa hiyo mtoto wako alikuwa fundi kamili, ila macho yake ya kazi yalikuwa yananing'inia kwenye waya. Nami nikashauri yazikwe.

Jembe lake la kwanza lililopasuka, alilolikaza bila sumaku, nililiona hapa Arua, sokoni. Mwanamke mmoja wa Omugo alilipiga chini mbele ya watu. "Hii ni jembe ama ni chungu?" Watu wakacheka. Nikalitazama: limefunguka ufa kutoka ubavuni hadi kwenye ncha, na ndani ya ufa chembe za chuma ni nene kama chumvi ya mawe. Limezimwa likiwa na moto mwingi mno. Nikajua papo hapo, nikakaa chini kwenye vumbi na suruali yangu nzuri.

Nilipofika Abuku, Lado alikuwa amekwisha kutoa hukumu. Alisema marehemu amekasirika, chuma hakitaki mkono wa mwanamke, na kwamba fuawe lako, kile kipande cha reli ulichokibeba kutoka Pakwach, litavuka mpaka likauzwe. Keji alikuwa akipepeta ulezi, hakuinua kichwa. Alisema: "Baba mkubwa, marehemu hajakasirika. Marehemu amelala na sumaku yangu." Lado akanigeukia. "Haya, wewe Mkongo. Sumaku iko wapi? Si ni wewe ulisema tuzike?"

Niliomba nafasi. Akatoa mtihani wa majembe matatu. Keji akiyazima yakashika bila ufa, kibanda ni chake. Likipasuka hata moja, fuawe linaondoka kabla ya mvua, na Keji na watoto wake watakula kwa huruma ya Lado, ambayo wewe unaijua ilivyo fupi.

Nakiri, jioni ile nilisimama juu ya kaburi lako nikalipima kwa macho, nikawaza habari za jembe na udongo. Nikaona aibu, nikaondoka.

Sumaku nyingine ningeipata wapi? Tangu wale wenye duka la vipuri walipofukuzwa nchini na rafu zikabaki tupu, spika mpya hakuna Arua. Nilipekua masanduku yote. Nilikuta spika za karatasi zilizoliwa na panya, na sumaku zake nilikwisha kuwapa watu miaka ile nilipokuwa mkarimu wa vitu nisivyovijua thamani. Iliyobaki ilikuwa moja, kwenye redio yangu mwenyewe. Wewe ulikuwa ukinidhihaki kwa redio ile. "Mwalimu analala na mke wa mbao." Ni kweli. Kila asubuhi ilinipa habari za kwetu, kwa lugha ninayoiota, na majina ya miji niliyoipita kwa miguu. Nimeondoka huko siku nyingi kiasi kwamba wamebadilisha hata jina la nchi, nami bado nasema Kongo.

Nikaifungua. Nikaitoa sumaku, nikaifunga kwenye leso pamoja na kipande cha bati mdomoni mwake isipoteze nguvu, nikapanda lori.

Karibu na Koboko kulikuwa na kizuizi. Askari kijana akapekua mkoba wangu, akaivuta leso.

"Mzee, hii nini? Bomu?"

"Ni sumaku, afande."

"Inafanya kazi gani?"

"Inapima chuma."

"Chuma si iko hapa?" Akaibandika kwenye bunduki yake. Ikashika, ta! Akacheka, akaibandua, akaibandika tena, akawaita wenzake waje waone. Nilimwambia ni ya kazi ya majembe, ni ya mama mwenye watoto, nilisema yote. Akanirudishia leso na bati. "Hii sasa iko na kazi kwangu. Enda, mzee, enda."

Basi hapo ndipo nilipokuwa, Wani: redio yangu bubu, sumaku yako kaburini, yangu kwenye bunduki ya mtu anayeichezea, nami nakwenda kumwambia binti yako kwamba mkoba wangu una waya, koleo dogo na leso. Nilikutukana njia nzima. Dereva alidhani namtukana yeye.

Keji alinisikiliza, akaenda kuchochea moto. Nilikaa kwenye kigoda chako, nikitazama vyombo vyako ukutani, nikaona tindo yako ndogo, ile fupi kama kidole uliyotobolea macho ya majembe. Uliikaza wewe mwenyewe, mwaka wa mwisho. Hapo ndipo kichwa changu kilipofika mahali ambapo mdomo ulikuwa umefika zamani.

Kwa nini sumaku ya spika ilikuwa sumaku na msumari si sumaku? Tulilisema mara mia. Ndani ya chuma mna vikundi vya sumaku ndogo sana, kila kikundi kimeelekea upande wake, na kwa jumla vinauana nguvu. Ukivigeuza vyote upande mmoja una sumaku. Katika chuma laini mipaka ya vikundi husogea kwa urahisi, ikienda na kurudi, ndiyo maana msumari husahau upesi. Katika chuma kilichokazwa mipaka hunaswa na mafundo yale yale yanayozuia makali yasipinde. Kigumu kugeuza, kigumu kusahau. Na nani katika wilaya nzima aliyekaza chuma kuliko wewe?

Nikamkimbilia dereva kabla hajaondoka, nikamsihi betri ya lori lake kwa dakika tano. Akauliza kama nimerukwa na akili. Keji akamwambia: "Mpe. Amerukwa zamani, lakini hadhuru mtu." Nikaizungushia tindo waya wa shaba kutoka transfoma iliyoungua, mizunguko mingi kadiri ulivyofika. Nikagusisha ncha za waya kwenye betri, kufumba na kufumbua tu, mara saba, upande ule ule. Waya ukanichoma vidole. Nikaichomoa tindo, nikaifunga kwa uzi katikati, nikaining'iniza mbali na fuawe.

Ikayumba. Ikazunguka nusu, ikarudi, ikaelekeza ncha yake kaskazini, upande wa Sudan, ikatulia. Nikaisukuma kwa kidole. Ikarudi pale pale. Lado, aliyekuwa mlangoni mikono nyuma, akarudi hatua moja.

Wakati jembe la kwanza likipata moto nilitoa ile karatasi. Ilikuwa imechakaa kwa jasho. Sikuwa na mtu mwingine wa kumsomea, basi nikamsomea binti yako, huku akivuta mivukuto.

Wewe unakumbuka nilivyokufundisha. Nilisema kila elektroni ndani ya chuma ni kama pia ya watoto inayozunguka, nayo ni sumaku ndogo sana. Katika shaba zimejipanga mbili mbili, moja juu moja chini, zinafutana, ndiyo maana shaba haivutwi. Katika chuma baadhi hazina mwenzi, na jirani na jirani hukubaliana kuelekea upande mmoja, mpaka moto uwatikise kiasi cha kuvunja makubaliano. Ukauliza: "Nani anawaambia wakubaliane?" Nikajibu, kama nilivyowajibu wanafunzi wangu wote, kwamba sumaku ndogo huvutana tu zenyewe. Hukubishana. Ulichukua sumaku mbili kwenye sanduku langu, kabla sijazigawa, ukazipaka chokaa vichwani, kwenye ncha zinazofanana, ukazisimamisha bega kwa bega, vichwa juu. Zikasukumana mpaka moja ikaanguka mezani. "Mwalimu. Hawa nasimamisha upande moja, wanafukuzana. Wewe unasema wanapendana. Nani naongopa, mimi ama kitabu?"

Nilikasirika, nikakuambia unywe chai yako. Usiku sikulala. Ulikuwa sahihi, Wani! Miaka yote ubaoni nilikuwa nikiwafundisha watoto wa watu jambo ambalo mhunzi alilivunja kwa vidole viwili. Na hata pale zinapovutana, nguvu ile ni ndogo mno. Nilipiga hesabu: joto la asubuhi ya baridi hapa Arua lingetosha kuwatawanya mara mia, sembuse moto wako.

Jibu nililipata katika kitabu kilichoachwa na mwalimu mmoja aliyehama nyumba ya kilimani, kimekatika jalada. Ni hili. Elektroni zote zina chaji ya aina moja, kwa hiyo zinachukiana tangu mwanzo. Na ipo sheria ya maumbile kwamba elektroni mbili zilizoelekea upande mmoja haziwezi kukaa mahali pamoja. Basi zikielekea upande mmoja, sheria inaziweka mbali, na zikiwa mbali chuki yao inapungua, zinapumzika. Katika shaba pumziko hilo halifidii gharama yake. Katika chuma linafidia, nalo lina nguvu ya kustahimili hadi wekundu wa tunda la kahawa. Usumaku wenyewe ndio matokeo, si sababu. Hakuna anayewaamuru, wala hawavutani.

Keji akaacha mivukuto. "Kumbe hazipendani?"

"Hazipendani. Zinaepukana kwa utaratibu, na utaratibu huo ndio unaotuonekania kama umoja."

"Kama mimi na baba mkubwa."

"Nasikia," Lado akasema mlangoni.

Nilicheka hadi nikakohoa, halafu nikalia, kwa sababu wewe ndiwe ungepaswa kucheka.

Jembe likawaka. Keji akalitoa, akalisogeza kwenye tindo, na ncha ikalifuata. Akalirudisha motoni. Akalitoa tena, ikalifuata. Mara ya tatu lilikuwa limefika rangi ambayo mimi mwenyewe niliona inazidi, na tindo bado inageuka! Nikajiambia, basi, nimeshindwa, sumaku ni dhaifu, fuawe limekwenda. Keji akasema kwa upole, "Ni koleo, Baba Mwalimu." Akachukua koleo refu, akashika jembe kwa nyuma kabisa ili chuma baridi cha koleo kisikaribie. Ncha ikayumba kidogo, ikaliacha jembe, ikarudi Sudan.

Lilikuwa limezidi moto wakati ule, na yeye alijua. Aliliacha lipoe mpaka tindo ikaligeukia tena, akalipasha upya polepole, na ncha ilipoliacha tu, akalizamisha kwenye oili. Moshi ukatujaza wote. Mimi sikuwahi kufikiria habari ya koleo, na nadhani wewe pia ulilijua ukaliacha bila kulisema, kama ulivyoacha mengine.

Jioni majembe yalikuwa matatu. Lado hakungoja, aliyapiga moja moja kwenye jiwe lililo mlangoni, kwa nguvu zake zote na kwa nia mbaya. La kwanza likalia kama kengele. La pili vile vile. La tatu alilipiga mara nne, jiwe likatoka kipande. Akalitazama jembe, akalitazama jiwe. Akasema, "Hii nachukua mimi," akaondoka nalo begani bila kuaga. Fuawe liko mahali pake.

Hizo ndizo habari. Kwangu redio iko kimya. Asubuhi mkono bado unakwenda kwenye kitasa chake. Sijui nani anatawala mji gani kwetu, wala kama daraja letu limejengwa. Nilidhani kimya hicho kitaniua. Hakijaniua, ila kimenifanya nisikie mambo ya hapa: wauza muhogo kutoka mpakani wakibishana, mvua kwenye mabati, na kila Jumamosi lori la Koboko linaloniletea salamu za Keji na jembe lililofungwa kwenye jani.

Bado nina hasira nawe. Kama ungesema neno moja kuhusu macho yako, ningekuletea sumaku kumi wakati zilipokuwepo. Ungeweza kunicheka, ningevumilia, nilizoea.

Naahidi hivi. Kila mwaka kabla ya mvua nitakuja Abuku na waya wangu, nimsihi dereva yeyote betri, niitie nguvu upya tindo yako. Na kwa kuwa vitu vya kuning'inia hupotea, nitakaa na Keji kivulini, yeye na jembe, mimi na macho yaliyobaki, tuzitaje rangi moja moja wakati tindo inapotuonyesha, mpaka azijue bila tindo. Nikirudi kwetu, kama nitarudi, itakuwa baada ya hapo.

Karatasi nimeikunja ndani ya barua hii. Keji ataiweka chini ya jiwe la kichwani kwako, pamoja na kile kipande cha bati. Kifikirie kimekaa mdomoni mwa sumaku yako, isipoteze nguvu. Pumzika sasa, ndugu yangu, na usiniulize tena.

Jibu iko.

Mwalimu wako, uliyemfundisha